Mushipi wa Tata Nyuma ya Kioo

Kabati lile nililijenga kwa kiburi. Watu wa Nchelenge walilisifu mpaka wakachoka, wakasema ni mutoto gani tena angemukumbuka baba yake namna hii, nami nilikaa kimya nikazipokea sifa zote. Ningekuwa mutu mwenye haya ningewafukuza uwanjani.

Tata, baba yangu, alikuwa askari. Alikwenda vita vya Burma na jeshi la Mufalme, akarudi na medali mbili, kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mumoja, na mushipi wa ngozi wenye bizimu ya shaba. Hakuwa mutu wa kusimulia vita. Ukimuuliza habari za Burma alikuambia mvua ya kule ni nyingi, basi, anaendelea na kazi yake. Kofia na medali alizitupa sandukuni chini ya mablanketi. Lakini mushipi aliuvaa kila siku, shambani, sokoni, kanisani, na ngozi ilipopasuka karibu na bizimu aliishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, upande wa ndani, mishono mikubwa mikubwa ya mutu asiyejua kushona. Mama alimucheka kwa ile kazi. Hata hivyo ilishika.

Alipougua mimi nilikuwa Elisabethville, ng'ambo ya Wabelgiji, nafanya kazi ya useremala kwenye ateliye, karakana ya muzungu mumoja. Habari ya ugonjwa ilinifikia kupitia madereva wa malori ya samaki, nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Habari ya kifo ilinikuta bado nasema nitakwenda. Nilipofika Nchelenge kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Aliyemugeuza kitandani, aliyemulisha uji, aliyemuosha mpaka mwisho ni binamu yangu, mutoto wa dada yake tata, muvuvi wa kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani kwetu, si cha pwani. Aliacha nyavu zake zikauke juani msimu muzima kwa ajili ya mujomba wake. Mimi na yeye tulikuwa tukitaniana tangu wadogo, kama binamu wanavyotaniana kwetu: yeye aliniita museremala anayeogopa maji, mimi nilimuita samaki mukavu. Siku niliyofika hakunitania. Alinishika mukono, akanionyesha kaburi, akarudi kukaa na wazee. Ningefurahi zaidi kama angenitukana, maana upole wake uliniuma, na kidogo kidogo nikaanza kumuchukia kwa sababu ya ule upole.

Kwetu jina la mutu haliingii kaburini. Siku ikifika, ukoo unachagua mutu mumoja wa damu ya mama yake marehemu, ndugu yake au mutoto wa dada yake. Wanamukalisha kwenye mukeka, wanamufunga kiunoni mushipi wa marehemu, wanamupa maji anywe. Akisimama hapo si yeye tena, amekuwa marehemu. Watoto wa marehemu wanamuita tata, hata kama jana walikuwa wanamutania. Siku hiyo hiyo mujane anakatwa uzi mweusi wa matanga aliofungwa shingoni, anakuwa mutu huru. Kabla ya hapo anakula peke yake, hapikii wageni, na zaidi ya yote hashiki mutoto muchanga, maana wanasema kifo bado kiko mikononi mwake. Watu wa misioni walikuwa wametukataza mambo mengine ya urithi huu, lakini mushipi, maji na uzi waliviacha.

Mwana hamurithi baba yake. Hilo nililijua tangu utoto. Mimi niliyezaliwa na tata sikuwa na haki hata ya ile bizimu, na wazee walikuwa wameshamuchagua binamu yangu bila mabishano. Nani mwingine wangemuchagua? Mushipi ulikuwa wake.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kule Elisabethville kulikuwa na mama mumoja muzungu aliyefiwa na bwana yake, ofisa mukubwa wa jeshi. Alituagiza kabati la vioo la kuwekea medali za marehemu na upanga wake, na kazi hiyo nilipewa mimi. Siku nilipolipeleka alisimama mbele yake akalia, kisha akanishika mukono, mimi mutu mweusi mwenye vumbi la mbao mpaka masikioni. Jambo hilo liliniingia kichwani likakataa kutoka. Nikawa nawaza kwamba tata naye alipigana vita hivyo hivyo. Kwa nini vitu vyake vioze sandukuni, na mushipi wake uende Kilwa ukanuke samaki?

Nikawaambia wazee nataka kumujengea tata kabati, na naomba siku ya kurithi ingoje mpaka limalizike, ili yote yafanyike pamoja. Wazee waliguna. Lakini mimi nilikuwa mutoto wa Elisabethville, mwenye suruali ya kupigwa pasi, na jambo lenyewe lilikuwa na sura ya heshima. Wakakubali. Hakuna aliyemuuliza mama, na mimi sikumuuliza.

Nilitafuta mbao za mulombwa nyuma ya Kafutuma, ule muti wenye moyo mwekundu, nikachagua zile tu zilizokauka vizuri. Nilijenga kibanda cha kazi uwanjani kwetu, mbele ya mulango wa mama. Kila asubuhi nilipiga randa, na kila asubuhi mama alikaa mbele yangu kwenye kigoda, uzi shingoni, sahani yake peke yake pembeni. Viungo vyote nilivichonga vishikane bila musumari. Kimoja kikiwa na nafasi ya kupitisha karatasi nilikitupa nikaanza upya. Mutu akiniambia harakisha, mama yako anangoja, nilimujibu kwamba kazi ya tata haifanywi mbio mbio. Vioo vilitoka Elisabethville vimefungwa mablanketi juu ya lori la samaki. Kimoja kikapasuka kwenye kivuko cha Kasenga, nikangoja kingine. Mvua zikaja zikaisha. Mama hakulalamika hata mara moja. Alichota maji, alilima kipande chake, akirudi alikaa tena kwenye kigoda chake akinitazama nikipiga msasa.

Kabati lilikuwa zuri, sitadanganya. Milango miwili ya kioo, ndani ubao wa nyuma nimeupaka varnishi mpaka unang'aa, kofia juu, medali katikati. Na chini ya medali, kuanzia upande huu mpaka ule, nafasi ndefu nyembamba. Niliichonga nafasi ile kwa kipimo cha mushipi wa tata kabla sijakiri hata ndani ya roho yangu nataka kufanya nini. Mikono ilitangulia, kichwa kikafuata.

Sokoni Elisabethville waliuza mishipi mikuukuu ya askari. Nilikwenda kutafuta bawaba na kitasa, nikarudi na mushipi. Ngozi rangi ile ile, bizimu inafanana. Niliukunja nikaupaka mafuta, niliupiga jua, mpaka ukazeeka vya kutosha. Asubuhi ya siku ya kurithi, watu wote wakiwa kanisani, nilifungua sanduku, nikautoa mushipi wa tata, nikaugandisha kwa gundi kwenye nafasi yake na kuushika kwa vipini vidogo vya mbao, upande wa mishono ukielekea ubaoni. Ule wa soko nikauzungushia kitambaa cha tata. Jasho lilinitoka, na nilijua vizuri kwamba halikuwa jasho la kazi.

Desturi ni kwamba mujane anautoa mushipi kwa mikono yake, anawapa wazee. Nikamupelekea mama kitambaa. Akakifungua mbele ya watu wote. Dole gumba lake lilipita upande wa ndani wa ngozi, likarudi, likapita tena. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si muda murefu, akawapa wazee ule mushipi bila neno.

Wakamufunga binamu yangu. Akanywa maji. Wanawake wakapiga vigelegele, sisi watoto tukapiga magoti na kupiga makofi, tukamuita tata. Aliitikia huku macho yamemujaa machozi, maana yeye alimupenda muzee yule kweli. Halafu shangazi akaja na wembe kumukata mama uzi. Mama akafunika shingo kwa kiganja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba leo hapana, mwili wake haujakubali. Shangazi akambembeleza, wazee wakamukaripia kidogo, lakini hakuondoa mukono.

Kwenye kabati watu walikuja kutazama kwa zamu. Muzee mumoja akauliza kwa nini kuna mushipi mwingine nyuma ya kioo. Nikamwambia ule ni mfano tu, nimeununua ili nafasi isikae wazi, wa kweli anao murithi. Ah, wakasema, mutoto huyu anajua kupanga mambo. Uongo ule ulitoka laini, sikuhitaji hata kumeza mate.

Kwa nini mama hakusema? Jambo hili nimelizungusha kichwani miaka mingi, na jibu ni moja tu lisilopendeza. Angesema, ningeitwa mwizi wa marehemu mbele ya ukoo wa baba yangu, siku ile ile. Akachagua kubaki na uzi shingoni. Alinifunika, nami nikajitia hamnazo.

Watu hawawezi kukaa bila sababu ya jambo. Uzi umebaki kwenye shingo ya mujane, kwa nini? Wakaanza kusema jina limemukataa murithi. Kwamba tata hakumutaka yule wa Kilwa, pengine hakumutunza vizuri kwenye ugonjwa, pengine kuna kitu alifanya kule ndani walipokuwa wawili tu. Nyavu zake zikitoka tupu walisema mumeona. Mutoto wake alipopata homa walisema mumeona. Yeye aliyekuwa akija Nchelenge kila soko akapunguza, kisha akawa anatuma samaki kwa watu wengine. Siku moja nilimuona gatini anapita mbali na wanaume waliokuwa wanamunong'ona, ule mushipi wa soko kiunoni, amenyoosha mugongo kama tata alivyokuwa anaunyoosha. Alikuwa anajaribu, jamani. Nilirudi nyuma ya mizigo ya samaki asinione.

Nilijaribu kumuondoa mama kwenye ule uzi kwa njia ya mukato. Nikamwambia mambo haya ni ya zamani, yeye ni Mukristo, akate mwenyewe yaishe. Alikuwa anachambua dagaa. Hakuacha kuchambua.

"Unaniuliza mi?" akasema. "Baba yako iko anangoja mu kabati yako. Mi siwezi kukatwa uzi na mushipi ya soko."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho mama kulitaja jambo lile. Na unafikiri nilikwenda kufungua kabati siku ile? Sikwenda. Nilisema moyoni kwamba nikifungua sasa nitaaibika zaidi kuliko ningeaibika mwanzoni, na kila wiki niliyongoja ilifanya aibu iwe kubwa zaidi, na kila aibu ikanipa sababu ya kungoja. Nilirudi Elisabethville kufanya kazi. Nililala vibaya, nilikula vibaya, niliwagombeza wenzangu kwenye ateliye kwa kosa la kudondosha patasi.

Kilichonirudisha ni mutoto. Dada yangu alijifungua, mutoto wake wa kwanza, mutoto wa kike, pale pale uwanjani kwetu kwenye nyumba ya pili. Nilikuja kumupongeza. Nilikuta wanawake wamejaa, wanapokezana yule mutoto mukono kwa mukono, wanamuita majina ya mabibi wote. Mama alikuwa nje. Alikuwa amesogeza kigoda chake mpaka karibu na ukuta wa nyumba ile, si karibu sana, na mikono yake ameikalia, ameiweka chini ya mapaja kabisa, kama mutu anayeogopa itaondoka yenyewe. Dada yangu alitoka mulangoni, akasimama mbali, akamufunua mutoto uso akamuelekeza kwa bibi yake.

Mama akasema, "Mugeuze kidogo. Mi sijaona masikio."

Dada akamugeuza. Mama akatazama masikio ya mujukuu wake kutoka pale kwenye kigoda, akacheka, akasema ni ya tata. Kisha akainamisha kichwa.

Niliingia ndani nikachukua nyundo. Nilikuwa na ufunguo wa kabati mufukoni na sikuukumbuka, nilivunja kioo. Ule mushipi ulikuwa umegandana na ubao, maana mimi ni fundi muzuri na gundi yangu ni nzuri. Nilichukua patasi nikaanza kuubandua, na ngozi ikaanza kuchanika, ikabidi nichonge ubao wenyewe, vipande vyekundu vya mulombwa vikiruka, nikilia kwa sauti mpaka wanawake wakaja mulangoni. Nilimtoa tata pale na vipande vya mbao vimeng'ang'ania mugongoni mwake. Nasema nilimtoa tata. Ndivyo nilivyoona.

Siku iliyofuata nilipanda mutumbwi wa wachuuzi kwenda Kilwa. Mimi na maji hatupatani, nilishika ukingo njia nzima. Njiani nilipanga maneno. Kwanza nitasema nilichofanya, kisha nitapiga magoti, nitamuomba musamaha yeye kama yeye, mutu aliyemulisha baba yangu uji nikiwa mbali, kisha nikaacha ukoo wake wamuone mubaya.

Nilimukuta anatengeneza nyavu nje ya nyumba yake. Muke wake hakunikaribisha kiti, naye alikuwa na haki. Nikafungua kitambaa, nikamuonyesha mushipi, nikageuza upande wa mishono. Nilisema nilichofanya, chote, kuanzia sokoni Elisabethville mpaka gundi. Aliendelea kufunga mafundo. Uso wake haukubadilika, isipokuwa shavu lilikuwa linacheza kidogo.

"Mama anajua?" akauliza.

Nikasema anajua.

"Tangu ile siku?"

Tangu ile siku.

Akaacha nyavu. Akavua ule mushipi wa soko, akautazama, na mbele ya macho yangu akakumbuka kila mutu aliyemugeuzia uso mwaka ule. Niliona akikumbuka. Wakati ule ndio ulikuwa wa kupiga magoti. Nikasema moyoni si vizuri hapa, muke wake ananitazama hivi, nitalisema Nchelenge mbele ya wazee, litakuwa na uzito zaidi. Hivyo ndivyo nilivyo. Kila kitu kizuri nakingojea kimalizike kwanza.

Wazee walikutana tena. Nilisimama nikawaeleza, na sitaandika waliyonitukana, maana yote yalikuwa kweli. Shangazi alinitemea mate miguuni. Walitaka kunitoza faini ya mbuzi, binamu yangu akasema hapana, malizeni kwanza jambo la mama. Kwa hiyo wakatandika mukeka siku ile ile. Mama akaupokea mushipi wa tata, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mishono, kikatulia hapo. Akawapa wazee. Wakamufunga binamu yangu, akanywa maji, na shangazi akaleta wembe. Mama alinyoosha shingo mwenyewe. Uzi ulipoanguka hakungoja nyimbo wala sala ya katekista. Alinyanyuka, akavuka uwanja, akanyoosha mikono, na dada yangu akamuwekea mutoto. Alimubeba mpaka jioni. Tulikula wenyewe, yeye hakula.

Watu walipopungua nilimufuata binamu yangu. Alikuwa amekaa pale tata alipokuwa akikaa, kwenye kivuli cha ukuta, mushipi kiunoni. Sasa, nikasema moyoni, sasa hakuna muke wake wa kunitazama wala wazee. Nikapiga magoti kwenye muchanga. Nikamuita binamu. Nikaanza: nimekukosea sana, wewe uliyemutunza muzee wetu, nimekuacha watu wakuseme vibaya mwaka muzima, na leo...

Akainua mukono nikanyamaza. Hakuwa na hasira, nilimutazama vizuri nikaitafuta hasira ile nikaikosa. Aliongea taratibu, kama mutu anayemueleza mutoto jambo ambalo mutoto alipaswa kulijua.

"Unatafuta nani?" akasema. "Ule binamu yako hayuko tena. Bamemufunga mushipi, amekwisha. Mi ni baba yako, na baba yako hana neno na wewe."

Nilibaki na magoti yangu muchangani. Nilitaka kubisha, nikaona sina wa kubishana naye. Kule Kilwa, kabla hajafungwa mushipi wa kweli, nyavu zikiwa mikononi mwake, bado alikuwepo, angeweza kunipiga au kunisamehe, na mimi nilikuwa nimenyamaza nikingoja mahali pazuri zaidi. Nikapiga makofi mara mbili polepole, kama mwana anavyotakiwa, nikamuita tata, akaitikia, akaniuliza kama nimekula.